Mzee wangu ana siku moja tu Dar, na siku yenyewe ni Idd Mosi. Nimpeleke wapi?

Mwana wa Urambo

Wakuu, habari za mfungo.

Naomba mawazo yenu kwa jambo ambalo limeninyima usingizi siku mbili hizi. Baba yangu mzazi anakuja Dar kutoka Urambo, Tabora. Ana miaka 73. Anakuja kwenye ndoa ya mdogo wangu, itakayofungwa Idd Pili. Atapanda basi hadi Dodoma, halafu SGR mpaka hapa, na atafika usiku wa kuamkia Idd ikiwa mwezi utaandama kama tunavyotarajia. Idd Pili ni ndoa, hatoki mtu. Kesho yake asubuhi anarudi, ng'ombe wameachwa na mtoto mdogo. Kwa hiyo siku aliyobakiwa nayo ya kuliona jiji ni Idd Mosi peke yake.

Jambo lenyewe ni kwamba mzee huyu si mgeni wa Dar. Alikuja hapa 1973 akiwa kijana na akafanya kibarua cha saidia fundi kwenye ujenzi wa Soko la Kariakoo, akibeba zege kwa karai kichwani. Aliondoka 1976 babu alipofariki na hajarudi tena. Sisi watoto wake tumekua tukisikia habari za Kariakoo kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura. Mwaka ule soko lilipoungua, Julai 2021, alikaa siku nzima bila kuongea, redio sikioni.

Mimi mwenyewe nina miaka minne hapa mjini lakini njia yangu ni Tabata kwenda dukani na kurudi. Jiji silijui. Nimepiga simu sehemu mbili nilizoambiwa ni nzuri kwa wageni, zote zimesema siku hiyo hawafungui. Maduka najua yatafungwa. Migahawa ya mtaani kwangu yote ni ya Waislamu, nayo itafungwa. Nimebaki najiuliza kama nimwache tu mzee akae sebuleni aangalie televisheni, wakati ametembea siku nzima kuja.

Anatembea vizuri kiasi ila goti la kushoto linamsumbua akisimama sana. Usafiri wangu ni daladala na bajaji. Nisaidieni.

Binti Gerezani

Pole na hongera kwa kumkumbuka mzee, ndugu yangu. Mimi nimezaliwa Gerezani na kukulia hapo, na nakuambia kwa moyo mmoja: umepata siku iliyo bora kuliko zote za kumwonyesha mzee wako Kariakoo.

Siku ya kawaida Kariakoo huioni. Unaona migongo ya watu, mikokoteni, marobota ya mitumba na miavuli ya wamachinga. Ukitaka kutazama juu unakanyagwa. Jengo la soko lile ambalo mzee alilibebea zege, vijana wengi wanaofanya biashara pale hawajawahi kulitazama paa lake hata mara moja. Asubuhi ya Idd mitaa ile inakuwa wazi. Utasimama Mkunguni au Tandamti ukaliona jengo zima kutoka chini hadi juu. Hiyo nafasi haipatikani mara nyingi kwa mwaka.

Na lile paa linastahili kutazamwa. Mchoraji wake ni Beda Amuli, msanifu majengo wa hapahapa Tanzania, na Mwalimu Nyerere alilifungua soko Desemba 1975. Ile miavuli mikubwa ya zege iliyopanuka juu kama miti haikuwekwa kwa urembo tu. Kila mmoja ni kama faneli: mvua ikinyesha maji yanakusanywa juu, yanashuka kwa ndani mpaka kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Muulize mzee, kama alikuwepo kwenye zege atakuwa anazijua nguzo zile kuliko mimi. Baada ya moto jengo la zamani limekarabatiwa na jipya limejengwa kando yake, kwa hiyo mwandae kidogo. Akitarajia kukuta kila kitu kama alivyokiacha atashtuka.

Mpango wangu ni huu. Kasalini Idd Mnazi Mmoja. Viwanja viko jirani kabisa na Kariakoo, mkimaliza kutoa salamu na kushikana mikono mnavuka barabara, mko sokoni kabla jua halijakuwa kali. Mzee atakuwa na kanzu yake, na watoto wamevaa nguo mpya wanakwenda kuomba sikukuu kwa mashangazi. Hiyo peke yake ni tamasha.

Halafu kuna kitu nataka umwambie mkiwa pale. Jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi pale baada ya wao kuuteka mji 1916, wakati wa Vita vya Kwanza. Vijana wetu walibebeshwa mizigo ya jeshi kutoka kona zote za nchi, na wengi hawakurudi kwao. Na ninyi watu wa Urambo, Wanyamwezi, kubeba mizigo ya misafara mlikujua kabla Mjerumani hajafika. Pale Kariakoo kuna Mtaa wa Nyamwezi. Mpeleke mzee akasimame chini ya kibao chake.

Kutoka hapo, kama goti linaruhusu, panda bajaji mpaka Mnara wa Saa, ule uliojengwa 1961 Dar ilipofanywa kuwa jiji, halafu fuata Samora mpaka Sanamu ya Askari. Ni kama kilomita moja. Samora ya siku ya kazi ni honi na moshi, lakini siku ya Idd asubuhi unaweza kusimama katikati ukapiga soga. Sanamu imekuwa pale tangu 1927, bunduki yake imeelekezwa bandarini. Watu husema ni ya askari na kuishia hapo, ila maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka wapagazi pia, na yameandikwa kwa Kiswahili vilevile, mpaka kwa herufi za Kiarabu. Mzee wako kama alisoma madrasa atayasoma mwenyewe. Kutoka Kariakoo mpaka hapo utakuwa umefuata habari moja ya watu walewale bila kulipa kiingilio popote.

Kijana wa Mbezi

Mkuu, ushauri mzuri huo lakini jua la Machi mnalisahau. Mimi ningempeleka mzee kwenye moja ya majengo makubwa ya maduka, yale huwa na sehemu zinazofunguliwa mchana hata sikukuu. Kuna kiyoyozi, kuna vyoo safi, atakula, atapanda ngazi za umeme. Mama yangu alipokuja kutoka Njombe alizipenda sana ngazi zile.

Mwana wa Urambo

Binti Gerezani, nimesoma bandiko lako nikiwa dukani nikashindwa kuendelea na kazi. Hayo ya Mtaa wa Nyamwezi nilikuwa siyajui, na napita karibu yake kila wiki.

Kijana wa Mbezi, ahsante, nimeliweka hilo kama mvua itanyesha. Ila kuna kitu nilisahau kusema: mzee anataka kukanyaga bahari. Ametamka hivyo kwa simu, "nikanyage maji ya chumvi." Nilikuwa nawaza Coco Beach jioni. Inafaa?

Nahodha wa Kunduchi

Nitajibu la bahari maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza elewa kwamba siku yako ina maji yake. Idd el Fitr inafuata kuandama kwa mwezi, na mwezi ukiandama bahari inakuwa kwenye bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ni kama mita tatu hivi. Ni kinyume na Idd ya kuchinja, ile huangukia tarehe kumi ya mwezi mwandamo, maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu. Watu wa bara wanakuja pwani bila kulijua hili, wanafika wanakuta bahari imekwenda mbali, wanapiga picha matope, wanarudi nyumbani wamekasirika.

Pwani yetu hii, siku za bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana yake. Kwa hiyo asubuhi ya Idd, saa nne, saa tano, pale Coco utakuta miamba iko nje. Kijana anaweza kutembea juu yake akaona kaa na visamaki vimebaki kwenye vidimbwi, lakini miamba ile ina utelezi na ina makali. Mzee mwenye goti asipelekwe.

Jioni saa kumi na moja bahari imejaa mpaka juu, mchanga umebaki mwembamba, na watu wa jiji zima wako hapohapo. Siku ya Idd Coco inabeba watu kuliko uwezo wake, watoto wanapotea, mawimbi yanapiga karibu na miguu. Mimi mtu wa bahari siku hiyo sikanyagi pale. Kumpeleka mzee wa miaka 73 katikati ya msukumano ule si sawa.

Visiwani pia acha. Bongoyo na Mbudya ni kuzuri sana, lakini kuna kupanda na kushuka boti ndani ya maji, na bamvua likiwa limepwa boti inakaa mbali mnaifuata kwa miguu.

Ninachokushauri ni Kigamboni. Vukeni na kivuko kutoka Feri. Kivuko hakina sikukuu, kinavusha watu siku zote, na kuvuka kwenyewe ni matembezi tosha: dakika chache, lakini mzee ataona mlango wa bandari, meli zinaingia, minara ya makanisa nyuma yake. Ng'ambo chukueni bajaji mpaka Mjimwema, kuna mchanga mlaini unaoteremka polepole. Mfike kwenye saa saba, saa nane. Maji yatakuwa yanapanda, hayajajaa. Hapo ndipo mtu mzima anakanyaga bahari kwa raha, maji yanamfuata miguuni yeye mwenyewe hana haja ya kuyafuata.

Angalia majira ya maji ya siku hiyo kwenye simu kabla hujatoka, maana mwezi ukichelewa siku moja na saa zinasogea.

Mama Tunu

Mwanangu, hawa wote wamekupa njia nzuri, lakini hakuna aliyekuuliza mzee atakula nini na atajisaidia wapi.

Idd Mosi hotelini hakuliwi. Wapishi wako kwao, wenye hoteli wako kwao. Wasio Waislamu wanafungua, lakini utazunguka na mzee juani ukitafuta, halafu umkalishe mahali asipopapenda siku ya sikukuu yake. Pilau lipikwe alfajiri nyumbani, liwekwe kwenye hotipoti, na kachumbari ifungwe peke yake isije ikachacha. Maji ya kunywa mengi. Mtu aliyefunga mwezi mzima tumbo lake siku ya kwanza halitaki mafuta mengi wala soda tatu, mwekee chai ya tangawizi kwenye chupa.

Choo. Wanaume wazee wana haja za mara kwa mara na wanaona aibu kusema. Usisubiri akuambie. Pangeni: kabla ya kutoka Mnazi Mmoja, msikiti wowote wa karibu. Kabla ya kupanda kivuko, tena. Mjini siku hiyo ofisi zimefungwa na choo cha ofisi kimefungwa nazo.

Na mchana lazima alale hata nusu saa. Hapo ndipo sikubaliani na Nahodha, saa saba juani Kigamboni mtu wa miaka 73 aliyesafiri siku nzima jana yake? Mrudishe nyumbani ale, apumzike, jioni mtoke tena hata kwa kuzungushwa tu mjini, apite Daraja la Tanzanite aone bahari kutoka juu.

Nahodha wa Kunduchi

Mama, shikamoo. Una haki kuhusu jua. Ila kutoka Feri kurudi Tabata kula na kulala, halafu kutoka tena jioni ya Idd, daladala zimejaa mpaka mlangoni, mzee atachoka maradufu na bahari hatakuwa ameikanyaga. Kama wanaye mtu Kigamboni wa kumwekea mzee mkeka kivulini, mchana unapita hukohuko.

Mama Tunu

Marahaba. Hilo nalikubali kama mkeka upo.

Mwana wa Urambo

Mkeka upo! Kuna mtu wa kwetu Mjimwema, tulisoma naye Urambo, ana nyumba ya kupanga yenye mwembe uani. Nimempigia sasa hivi, amesema tukipita bila kula kwake hatanisamehe.

Mpita Samora

Naongeza dogo. Mkiwa Kivukoni, simu ziwekeni mfukoni mnapokaribia Ikulu, na bandarini vilevile. Piga picha makanisa, piga picha bahari upande wa wazi, lakini majengo ya serikali, askari na kambi usielekeze kamera. Siku ya sikukuu watu wanajisahau, na mzee asije akasimamishwa barabarani kuhojiwa kwa sababu ya picha moja.

Na usikose Boma la Kale, liko Sokoine Drive kuelekea boti za Zanzibar. Hata likiwa limefungwa simameni nje. Ni mawe ya matumbawe, lilijengwa 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid, yule aliyekuja kujenga mji hapa palipokuwa Mzizima na kuuita Dar es Salaam. Mlango wake wa kuchonga mzee ataushika kwa mkono, hakuna wa kumkataza.

Mwalimu wa Temeke

Na Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert? Naona mmeyaruka. Mzee angeliona fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959 na magari aliyotumia Mwalimu. Piga simu uulize, usiamini mtu wa mtandaoni kuhusu saa za sikukuu, hata mimi. Kuna pia Makumbusho ya Kijiji pale Barabara ya Bagamoyo, nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyo vijijini.

Binti Gerezani

Mwalimu, sijayaruka kwa dharau, nayapenda na wanangu nimewapeleka mara tatu. Lakini mzee huyu ameishi ndani ya nyumba ya asili, yeye ndiye makumbusho. Na ana siku moja. Ukimpeleka mtu mzima sehemu sita kwa siku anarudi na goti bovu na hakumbuki hata moja. Sehemu tatu zinatosha: soko, sanamu, maji ya chumvi. Boma la Kale kama nguvu zipo.

Kijana wa Mbezi

Nimekubali. Mama yangu nitamrudisha Dar nimpeleke hivi.

Mwana wa Urambo

Wakuu, assalaam alaykum, na Idd mubarak kwa wote japo nimechelewa. Mzee ameshasafiri salama. Nimeona si haki nipewe ushauri wote ule halafu ninyamaze.

Mwezi ulitangazwa usiku sana, tukiwa tumeshalala nusu nusu. Alfajiri mke wangu akawasha jiko, pilau kwenye hotipoti kama Mama Tunu alivyoelekeza, na chai ya tangawizi. Daladala za kutoka Tabata asubuhi ile zilikuwa chache mno, tulisubiri mpaka nikaanza kuogopa sala itatupita. Anayepanga siku kama hii ajue hilo. Tulifika takbira zinasikika.

Baada ya sala mzee alishikwa mikono na watu asiowajua pengine thelathini. Wazee wenzake wakamwuliza kwao, akasema Urambo, mmoja akamjibu kwa Kinyamwezi. Walisimama wakaongea hadi nikaona mwenyewe goti linaanza kusumbua, nikamwomba tukae kidogo kwenye ukuta.

Kisha tukavuka kuingia Kariakoo. Binti Gerezani, ilikuwa kama ulivyosema. Milango ya chuma imeshushwa mtaa mzima, karatasi zinapeperuka, paka amelala katikati ya barabara ambayo siku nyingine huwezi hata kuweka mguu. Tulipokata kona mzee akaiona miavuli ile ya zege, akasimama. Hakusema kitu. Akavua barakashia, akaishika mkononi, akawa anatazama juu, kichwa kinakwenda taratibu kutoka mwavuli mmoja hadi mwingine. Nilidhani anahesabu, na kweli alikuwa anahesabu. Aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanagawanywa makundi, na kila kundi lilikuwa na nguzo zake. Alikuwa anatafuta za kundi lake.

Mlinzi alikuja kutuuliza tunatafuta nini. Nikamweleza. Ni kijana mdogo kuliko mimi. Akamwamkia mzee, akatuacha tusogee mpaka pale alipoweza kuturuhusu, halafu yeye mwenyewe akaanza kuuliza maswali: zege mlikuwa mnachanganyia wapi, mlikuwa mnalipwaje, mlikuwa mnalala wapi. Mzee alijibu yote. Alisema zege likianza kumwagwa kwenye mwavuli mmoja halikusimamishwa mpaka uishe, hata usiku uingie, walikuwa wanapanda na makarai kwa taa. Alisema shingo ilimuuma miaka miwili baada ya kurudi nyumbani. Mimi ni mtoto wake wa nne na hilo la shingo nililisikia pale kwa mara ya kwanza.

Kuhusu jengo jipya la pembeni alilitazama kidogo tu akasema ni refu.

Kwenye kibao cha Mtaa wa Nyamwezi tulipiga picha. Nikamsimulia habari za wapagazi. Alizijua zaidi yangu. Babu yake mwenyewe alichukuliwa, akarudi, lakini kaka wa babu hakurudi, na nyumbani hakuna kaburi lake. Jina lake sisi tumempa mdogo wangu huyuhuyu aliyeoa. Pale kwenye Sanamu ya Askari nilimsomea maandishi, na yale ya herufi za Kiarabu akayasoma mwenyewe polepole kwa kidole hewani, akakwama sehemu mbili, akaendelea. Samora ilikuwa kimya. Alipomaliza akaomba dua fupi, nikaitikia amina. Nilikuwa nimepanga dakika tano pale, tulikaa karibu nusu saa kwenye ngazi za duka lililofungwa, kivulini.

Boma la Kale hatukufika. Niliona ameshachoka nikachukua bajaji moja kwa moja mpaka Feri. Choo tulipitia kwanza, Mama Tunu, na kweli alikuwa anaona aibu kusema.

Kwenye kivuko alikataa kukaa. Alishika ule ukingo wa chuma mpaka ng'ambo.

Mjimwema tulifika kwenye saa saba kasoro. Tukala chini ya mwembe, akalala kwenye mkeka zaidi ya saa nzima, nikawa namfukuzia inzi. Saa nane na nusu hivi tukashuka ufukweni. Maji yalikuwa yanapanda kama Nahodha alivyosema. Akakunja suruali iliyo chini ya kanzu, akasimama mchangani pakavu, akangoja. Wimbi la kwanza halikumfikia. La pili likamfikia vidoleni. Akacheka, wakuu. Baba yangu si mtu wa kucheka kwa sauti. Akachota maji kwa kiganja akaonja, akanigeukia: "Ni yaleyale."

Kurudi tulipita Daraja la Nyerere kwa gari la jirani wa yule ndugu yetu. Foleni ya Idd ilikuwa imeshaanza. Tulifika Tabata magharibi inaadhiniwa.

Mama Tunu

Allah amhifadhi. Nimelia na vitunguu sikuvishika leo.

Binti Gerezani

Nimezaliwa mita mia chache kutoka soko lile na sikuwahi kujua kwamba zege la mwavuli halikusimamishwa. Ndugu yangu, mrekodi mzee huyo kwa simu, kila anachokumbuka: majina, malipo, nyimbo walizoimba wakipanda. Wenzake wa kundi lile sidhani kama wamebaki wengi.

Mpita Samora

Swali kwa wote maana uzi huu nitauhifadhi: mtu akija Krismasi, ni yaleyale?

Kijana wa Mbezi

Krismasi jiji linapungua watu, wengi tumekwenda mikoani, Moshi, Mbeya, Iringa. Barabara nyeupe. Ila makanisa ya mjini, Azania Front na Mtakatifu Yosefu, ndiyo siku yao, nenda nje ya saa za ibada kama unataka kutazama, au ingia usali. Sabasaba ni kinyume, tarehe 7 Julai Barabara ya Kilwa yote inaelekea kwenye maonesho, huko usiende na mzee mchana.

Nahodha wa Kunduchi

Na Krismasi haifuati kuandama kwa mwezi, kila mwaka maji yake ni tofauti. Angalia majira ya maji kwanza, kanisa litakusubiri.

Mwana wa Urambo

Binti Gerezani, nimeanza kumrekodi. Kila Jumapili jioni anapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi ndipo mtandao unashika, tunaongea mpaka salio liishe.

Jana kauliza kama masika imeanza huku. Nikamwambia imeanza, juzi ilinyesha usiku kucha. Akaniambia: "Siku ikinyesha mchana, toka dukani, nenda sokoni ukasimame karibu na nguzo. Tega sikio. Unisikilizie kama maji bado yanashuka ndani."

Leo kumetanda wingu tangu asubuhi. Nimeshamwomba mwenzangu anishikie duka.